Saa Nne, Kuogelea Baharini

Mwalimu Yudita tulimzika Mvumi Jumamosi iliyopita. Nilichelewa kufika, jambo ambalo mwenyewe angenisema mbele za watu bila haya. Gari lilitusumbua njiani, nikakuta jeneza limeshatoka kanisani. Nikajibanza nyuma kwa akina mama wa jikoni, nikijifuta vumbi miguuni. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akimnong'oneza jirani yake kwamba marehemu huyu hakuwa wa mchezo, aliwahi kufika Unguja akatembea baharini kwa miguu yake, mbali kabisa, asizame. Jirani akamwambia hayo ni ya Petro, asimchanganyie maandiko. Yule wa kwanza akashikilia lake: Mwalimu alisema kwa kinywa chake, tena alikuwa na binti mmoja wa ofisini Majengo aliyemshika mkono. Binti huyo ni mimi. Nimetimiza miaka hamsini na mitatu, goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, lakini Mvumi nimebaki binti wa ofisini. Nilitamani kumgusa yule mama begani nimweleze ilivyokuwa: alitembea kwa sababu maji hayakuwepo, na kuyakosa maji ulikuwa ujinga wangu. Jambo hilo nimetembea nalo miaka thelathini.

Mwaka ule ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili, napiga taipureta kwa vidole kumi bila kutazama, na sina kazi. Majengo, Dodoma mjini, palikuwa na ofisi ya safari, kama chumba kimoja chenye meza mbili unaweza kukiita ofisi. Kilipakana na ghala la mtama na uwele, kwa hiyo kila karatasi tuliyoigusa ilikuwa na vumbi la nafaka, nami nilipiga chafya mchana kutwa. Ukutani ilining'inia kalenda iliyopitwa na wakati, yenye minazi na maji ya bluu, na hakuna aliyethubutu kuishusha maana ndiyo iliyokuwa ikituletea wateja. Mwenye ofisi, Mzee Shabani, alikuwa mtu wa Majengo hasa. Babu zake walikuja na misafara, wakatua mizigo hapo, wasiinue tena. Alipenda kusema "sisi watu wa pwani", na mchana aliletewa wali wa nazi kutoka kwake wakati mimi nakula ugali wa uwele na mlenda, akinitazama kwa huruma. Pwani yenyewe alikuwa amekwenda mara moja tu, kumzika shangazi yake Unguja: akashuka botini, akaenda makaburini, akala ubwabwa wa hitima, akarudi. Hayo niliyajua baadaye. Siku ya kunihoji aliniuliza kama nimewahi kufika Unguja, nikamjibu kwamba nimefika mara mbili. Kwa nini mara mbili, sijui; mara moja niliona kama inanuka uongo. Ukweli ni kwamba maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni bwawa la Hombolo, na Hombolo ukiliacha asubuhi unalikuta jioni palepale.

Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wateja watakachoona na watakachofanya kisiwani, kisha kuwachapia ratiba. Ningejuaje? Mungu hamtupi mja wake. Chini ya dirisha letu, barazani, alikaa Makame, muuza papa mkavu, Mwunguja wa kuzaliwa, ambaye alikuwa akiyaongelea ya kwao tangu anapanga bidhaa mpaka anapofunga magunia. Mimi nilikuwa nimekaa ndani, masikio nje, naandika. Nikajua Forodhani jioni wanauza nini na urojo hutiwa nini. Nikajua shamba la viungo, na kwamba karafuu huanikwa kwenye majamvi mpaka mtaa mzima unukie. Nikajua kima punju wa msitu wa Jozani, wenye nywele zilizosimama kama wametoka kulala, na milango ya mbao iliyonakshiwa ya Mji Mkongwe. Mtu akija nilimwaga yote hayo kwa sauti ya mwenyeji, na Mzee Shabani akitikisa kichwa kama anakumbuka. Lakini yako mambo Makame hakuwahi kuyasema, kwa sababu kwake yalikuwa ya kawaida mno. Mtu hakai barazani akasimulia kwamba kwao jua huchwa.

Mwalimu Yudita aliingia mwezi wangu wa pili kazini, baada ya mvua kukata. Alikuwa mwembamba, mrefu, na begi la ngozi lililochakaa, katibu wa kikundi cha walimu wastaafu tisa, wanawake watupu, waliokuwa wamejiwekea akiba ya safari moja ya starehe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaongeza mbukwenyi ya Kigogo ili aone kama nitaitika, nikaitika, akaridhika. Risiti niliyomwandikia aliisogeza mpaka karibu iguse pua, akachomoa kalamu nyekundu begini, akanisahihishia tarehe. Ndivyo alivyokuwa. Alisahihisha bei kwenye ubao wa muuza nafaka, alimsahihisha Mzee Shabani idadi ya visiwa, na nasikia aliwahi kumsahihisha mchungaji mlangoni mwa kanisa, watu wakimpa mkono. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini. Kosa akiliona halilali.

Macho yake yaliharibiwa na vikope, ule ugonjwa wetu wa vumbi na nzi, unaozipinda kope ziingie ndani zikwaruze jicho. La kulia lilishafanyiwa upasuaji, la kushoto lilikuwa likingoja zamu yake, na siku moja alinipa kibano kidogo akaniomba nimng'oe kope mbili zilizomtesa njia nzima, eti vidole vya mpiga taipureta havitetemeki. Nikafunga mlango, nikamwegemeza kichwa kwenye kiti cha Mzee Shabani, nikang'oa. Hakusema hata "ah". Machozi yalipokauka akaniambia, kama anayeelezea jambo la jirani, kwamba upasuaji unazuia kukwaruzwa tu, makovu yaliyokwisha kuingia hayatoki. Alikuwa akiona kitu kikiwa umbali wa mkono. Ng'ambo ya hapo ni mwangaza mtupu. Madaktari walikuwa wamemwambia asitegemee hata hicho cha karibu kufika mwaka mwingine.

"Nimewachorea watoto bahari kwa chaki miaka thelathini, Tabita," akasema. "Nataka niione kwa karibu, niishike, kabla sijafunga duka."

Tangu siku hiyo safari ile haikuwa tena kazi kwangu. Nilitaka aione. Na hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli, niseme Mwalimu, mimi sijui lolote, tumwite Makame hapo nje. Sikusema. Kila mwezi akija kliniki alipitia kwetu, ananunua papa mkavu kwa Makame, wanazungumza weee mpaka kivuli kihame, ndipo aingie ndani anihoji kama mtahini. Mchanga wa kule rangi gani? Mweupe, Mwalimu. Unaunguza? Unaunguza sana, nikasema, nikifikiria mchanga wa korongoni kwetu. Siku nyingine aliniuliza kama bahari ya asubuhi na ya jioni ni ileile.

"Ileile," nikamjibu. "Bahari itakwenda wapi, Mwalimu?"

Akanitazama muda, kama alivyotazama vitu vyote, amesogeza uso. Kisha akasema basi, nimchapie ratiba. Nikamchapia kwa moyo wangu wote, karatasi mbili, vichwa vya habari nimevipigia mstari. Siku ya kwanza Mji Mkongwe na Forodhani, ya pili viungo na kima punju, ya tatu pwani ya mashariki, saa nne asubuhi kuogelea baharini, saa saba kuondoka kuwahi boti ya saa kumi. Saa nne niliichagua kwa sababu jua linakuwa halijakolea. Akaondoka nayo, na wiki iliyofuata akarudi kuomba kitu kimoja tu, tusogeze safari siku saba mbele. Nikadhani ni mambo ya kliniki.

Mzee Shabani akaniteua niwaongoze, kwa kuwa nilishafika mara mbili. Njiani sikupata usingizi. Botini walimu waliimba mapambio mpaka mawimbi yalipoanza, wakanyamaza mmoja mmoja, na mimi nikiwa wa kwanza kutapika. Mwalimu alikaa dirishani akitazama mng'ao. Nikamuuliza anaonaje, akasema anaona shuka jeupe. Forodhani jioni akanusa urojo, akauonja, akatangaza kuwa ni mlenda uliokwenda shule, wenzake wakacheka mpaka muuzaji naye akacheka. Kwenye shamba la viungo ndipo niliposahau kidogo woga wangu. Kule huhitaji kuona mbali: kijana wa shamba alikuwa akivunja jani, anasugua, anakupa unuse, ukisie. Mwalimu aliwashinda wote. Mdalasini, mchaichai, iliki, jani la mkarafuu. Wakapasua tunda moja lenye mbegu nyekundu, wakajipaka midomoni, walimu tisa wastaafu wa Dodoma midomo myekundu, wakipeana zamu kwenye kioo cha gari. Nikasema moyoni, kesho ndiyo kesho.

Kesho ikafika. Tulishuka garini saa nne kasoro, nikatangulia kwenye njia ya minazi nikiwa nimebeba mataulo, nikatokea ufukweni, na bahari haikuwepo. Sisemi kwamba ilikuwa imepungua. Palikuwa na uwanda mtupu, mchanga uliolowa, majani, vidimbwi, mtumbwi mmoja umelala ubavu, na mbali kabisa, karibu na mbingu, mstari mweupe wa povu. Nilisimama na mataulo yangu. Walimu wakanifikia. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya paredi, akaniuliza bahari iko wapi, na wote wakanigeukia, mimi niliyefika mara mbili. Dereva, mtu wa huko, akacheka kwanza, kisha akanihurumia. Akaeleza kwamba maji yametoka, ndiyo desturi yake, yatajaa tena alasiri kama saa kumi. Saa kumi sisi tunatakiwa tuwe botini. Nyuma yangu wakaanza kusema, na sikuwalaumu: akiba ya miaka, safari yote hii, halafu binti hajui hata saa ya maji. Mimi niliwasikia kwa mbali. Niliyekuwa nikimtazama ni Mwalimu Yudita, aliyesimama, uso ameuelekeza kule kwenye mng'ao, na macho yake yaliyobakiza mwaka mmoja.

"Mwalimu, nimekudanganya," nikamwambia. "Sijawahi kufika huku. Hata bahari nimeiona juzi, pamoja na ninyi."

Akainama, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja akazitia ndani ya viatu, akanikabidhi. Akakanyaga mchanga kwa nyayo zake, akatulia.

"Hauunguzi," akasema. "Nipe mkono. Tuifuate huko iliko."

Tulikwenda. Nilikuwa nalia, nasema wazi, nilikuwa nalia kwa aibu, namwongoza asikanyage miiba. Yeye alikuwa akisimama kila hatua kumi, anachuchumaa, anaokota kitu, anakisogeza mpaka usoni. Akaokota kiti cha pweza, kile kiumbe cha umbo la nyota, chenye mikono mitano, chekundu, akahesabu mikono kwa kidole, akakirudisha alikokitoa. Akakuta kaa asiyezidi kifungo cha shati anakimbia ubavu. Akaokota kitu cheusi kirefu, laini, nikamwambia mwanamke mmoja pale anasema ni jongoo bahari, akafurahi kama amekutana na mtu wa kwao. Mwanamke huyo alikuwa akifunga mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vijiti, amejifunga kanga kifuani. Alimwambia Mwalimu kwamba leo bamvua, bibi, maji hutoka mno, siku nyingine usingefika hapa kwa miguu. Mwalimu akamjibu kwamba ni kweli, mwezi mpevu, jua na mwezi vinavuta pamoja. Yule mwanamke akaniuliza huyu bibi ni wa wapi. Nikamwambia Dodoma. Akasema hee, na Dodoma kuna bahari? Mwalimu akanifundisha somo zima palepale, darasa la mtu mmoja, maji kujaa na kupwa, akichora jua na mwezi kwenye mchanga kwa kijiti. Nikajua ananifariji. Niliona ni wema mkubwa mno, ukazidi kunichoma.

Karibu saa sita maji yakaanza kurudi. Hayakuja na wimbi wala kelele. Yalikuja chinichini kwenye vijifereji, membamba, kama chai iliyomwagika mezani, yakaizunguka picha ya jua na mwezi, yakaifuta. Mwalimu akapiga magoti. Akaweka viganja viwili, maji yakapita juu yake, akainamisha uso mpaka pua ikalowa. "Imekuja yenyewe," akasema, tena na tena. Ufukweni dereva akaanza kupiga honi. Nikamwambia Mwalimu twende, tutaachwa. Akaniambia nikawaambie waende salama, yeye anangoja mpaka ijae.

Mwongozaji hawaachi watu wanane kwa ajili ya mmoja. Hilo nililijua, hata kama mengine sikuyajua. Nilikimbia mpaka garini, nikampa mwenyekiti tiketi zote, nikamweleza dereva awafikishe botini, na nikarudi mbio kabla sijasikia neno la mwenyekiti. Tulirudi nyuma polepole, maji yakitufuata, vifundoni, kwenye muundi, na saa kumi Mwalimu alikuwa amekaa ufukweni ndani ya bahari iliyojaa, kitenge chake kimefura kumzunguka, anacheka. Nami nikaingia na nguo zangu za kazini. Tulilala kwa yule mwanamke wa mwani, akatupa wali na pweza wa nazi, na Mwalimu akamhoji juu ya mwezi na maji mpaka akasinzia akijibu.

Mzee Shabani alinifukuza kazi kwa upole. Alinikalisha, akanipa nusu ya wali wake, akaniambia njia ya mwongo fupi, mwanangu. "Mimi nilikwenda mara moja nikaona makaburi," akasema, "na mpaka leo sijamwambia mtu nilikwenda mara mbili." Kisha akaniandikia barua nzuri ya kunisifu kwa taipureta, ambayo ndiyo iliyonipatia kazi serikalini, na huko nimezeeka nikichapa ratiba za wakubwa. Wanaonifahamu wananicheka kwamba siandiki saa ya jambo lolote kabla sijauliza watu watatu. Waache wacheke.

Mvua za mwaka uliofuata zilianza Mwalimu haoni tena chochote. Nilikwenda kumsalimu Mvumi, nikamkuta kwenye chumba chake chenye ramani ya dunia asiyoiona, nikamwomba radhi kwamba nilimpotezea siku yake. Akasema alikipata alichokifuata. Nilimwomba radhi mwaka mwingine, na mwingine, jibu likawa lilelile, mpaka akakasirika akaniambia nikilitaja tena nisirudi. Nikaacha kulitaja. Lakini moyoni nilijua mtu mwema husema hivyo, na kwamba kama ningeuliza tu, kama ningefungua dirisha nimuulize Makame swali moja, angeiona bahari imejaa asubuhi, wenzake wakiwapo, bila kuachwa na boti.

Jumamosi, baada ya maziko, tumekaa kwenye mikeka tunakula, mpwa wake Damari akanifuata na bahasha. Akasema Mwalimu aliagiza nipewe akishakwenda, kwa sababu akiwa hai ningemletea maneno. Ndani palikuwa na karatasi mbili zimelainika kwenye mikunjo. Nilizijua kwa herufi ya "a" iliyokuwa inaruka kwenye taipureta yetu. Nikafungua ya pili. Kwenye siku ya tatu, saa nne asubuhi, kuogelea baharini, kulikuwa na mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni, kwa mwandiko mkubwa wa mtu anayeandika pua ikiwa karatasini, ameandika: "Makame anasema wiki hiyo maji hayatoki mbali. Wiki ya mbele, mwezi mpevu, saa nne bahari itakuwa nje kabisa, mtu anatembea ndani yake. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Binti asisahihishwe." Chini yake akaweka vema, ile alama kubwa ya daftarini.

Niliisoma mpaka chakula kikapoa. Yule mama wa asubuhi alikuwa amekaa karibu yangu, akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikapangusa uso kwa upindo wa kitenge.

"Yule binti wa ofisini ni mimi," nikamwambia. "Na ni kweli, alitembea baharini. Alipanga mwenyewe."